Mshipa wa Moyo Unapochanika: Utafiti Uliozaliwa na Sauti za Wagonjwa

Kwa muda mrefu, shambulio la moyo limehesabiwa kuwa ugonjwa wa mwanaume aliyevuka makamo, mwenye shinikizo la juu la damu, kisukari, uzito uliozidi au mazoea ya kuvuta sigara. Picha hiyo si ya uongo, kwa maana wagonjwa wengi ndivyo walivyo. Hata hivyo, ina madhara yake. Mama wa miaka 40 mwenye afya njema, au aliyejifungua wiki moja tu iliyopita, anapofika hospitalini akilalamikia maumivu ya kifua, ni rahisi kuambiwa kwamba amechoka au ana mawazo mengi, kisha akarudishwa nyumbani. Utafiti wa miaka ya hivi karibuni mintarafu kuchanika kwa ghafla kwa mshipa wa moyo, ugonjwa ambao madaktari huufahamu kwa kifupi cha SCAD, unaonesha kwamba kosa hilo linaweza kugharimu maisha.

Shambulio la moyo lililozoeleka husababishwa na mafuta yanayojikusanya taratibu ndani ya mishipa inayolisha moyo, hadi donge la damu linapoziba njia. Katika SCAD mambo ni tofauti. Ukuta wa mshipa wenyewe huchanika, au damu huvuja katikati ya tabaka zake. Damu hiyo huvimbisha ukuta na kuibana njia kutoka ndani, na sehemu ya msuli wa moyo hukosa hewa safi ya oksijeni. Matokeo ni yale yale, lakini chanzo chake ni kingine kabisa.

Itakumbukwa kwamba ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza kunako mwaka 1931, baada ya uchunguzi wa maiti ya mwanamke wa miaka 42. Tangu hapo, kwa takriban miaka 80, ulitajwa vitabuni kama ugonjwa adimu mno, usio na wagonjwa wa kutosha kufanyiwa utafiti. Kumbe, wagonjwa walikuwepo. Waliokosekana ni watu wa kuwatafuta.

Mabadiliko yaliletwa na wagonjwa wenyewe. Kunako mwaka 2009, wanawake waliokuwa wamepatwa na ugonjwa huu, na kufahamiana kwa njia ya mtandao, walimwomba Daktari Sharonne Hayes wa hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani aufanyie utafiti. Walikuwa tayari kutoa kumbukumbu zao za matibabu na kuwaalika wenzao. Utafiti wa majaribio uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha wanawake 12 tu. Rejista iliyofuata ilikuja kuandikisha zaidi ya watu 1,000. Watafiti wa Kanada na Uingereza nao walikusanya wagonjwa wao, na mwaka 2018 wataalamu wa moyo wa Marekani na wa Ulaya wakatoa miongozo yao ya kwanza kuhusu SCAD.

Matokeo yanastahili kutafakariwa. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 40 hadi 55. SCAD ni chanzo kikuu cha shambulio la moyo linalohusiana na ujauzito, hasa katika majuma ya kwanza baada ya kujifungua. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 ulibainisha maeneo 16 yanayohusiana na ugonjwa huu. Na baadhi ya vinasaba vinavyoongeza hatari ya SCAD hupunguza hatari ya ule ugonjwa wa mafuta mishipani.

Tofauti hiyo inagusa pia tiba. Kwa mgonjwa wa kawaida, daktari hupanua mshipa kwa kuweka stenti. Kwa mgonjwa wa SCAD, kupitisha vifaa katika mshipa uliochanika kunaweza kurefusha mpasuko. Kwa kuwa mishipa mingi hupona yenyewe katika majuma au miezi kadhaa, mgonjwa aliye imara mara nyingi hupewa dawa na kuangaliwa kwa karibu. Stenti au upasuaji hubaki kwa yule ambaye uhai wake uko hatarini.

Liko jambo moja la kusikitisha. Katika utafiti wa Kanada uliowafuatilia wagonjwa 750, karibu nusu yao walieleza kwamba walikuwa wamepitia msongo mkubwa wa mawazo kabla ya kuugua. Basi, maneno "ni mawazo tu" hayawezi kuwa sababu ya kumrudisha mgonjwa nyumbani, ikiwa mawazo yenyewe huenda yamechangia kuuchana mshipa wake.

Ndugu msomaji, maumivu au mbano kifuani unaoenea mkononi, shingoni au tayani, sanjari na kukosa pumzi, jasho la ghafla au kichefuchefu, ni sababu ya kwenda hospitalini mara moja, hata kwa kijana na hata kwa mzazi. Huko ni haki kuomba kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha damu, na vyote virudiwe endapo maumivu yanaendelea. Wanawake wale wa mwaka 2009 hawakuwa madaktari. Walijua tu kilichowapata, wakaendelea kukisema mpaka wakasikilizwa.