Cheti bila sindano ni hatari kwa familia

Hapa Dumila, anayejiandaa kwa Hijja anajua kuwa Saudi Arabia inadai cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Wapo wanaouliza: si ninunue cheti tu, sindano ya nini?

Sharti hilo lina sababu. Mwaka 2000 vijidudu vya aina ya W135 viliwapata mahujaji, wakarudi navyo kooni hadi majumbani. Uingereza na Ufaransa waliugua hata jamaa zao ambao hawakwenda Makka. Mwaka 2001 ugonjwa ukarudi. Chanjo iliyotumiwa na wengi ilizuia aina A na C tu; tangu 2002 inatakiwa ya aina nne: A, C, W135 na Y.

Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaingia. Somo hilo huchukua siku, ndiyo maana huchomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika.

Biashara ya vyeti bandia ipo. Mwaka 2021 vyeti vya korona viliuzwa kwenye mtandao wa giza, yaani upande wa intaneti uliofichwa, ambako muuzaji hajulikani. Lakini karatasi haizuii maradhi. Mwenye cheti cha uongo humdanganya afisa, kisha huenda akamletea mama yake mzazi ugonjwa badala ya zamzam. Ibada haifunguliwi kwa uongo.

Tuchanje mapema, katika kituo kinachotambuliwa. Wabillahi tawfiq.