Siku za Vipimo Nazo Zihesabiwe



Katika ukurasa huu tumezoea kuandika habari za mishahara, nyumba za kambi na watu kupunguzwa kazini. Safari hii twataka kusema neno ambalo mikutanoni halisemwi, na likisemwa wanaume hutazama chini na akina mama hunyamaza. Ni upasuaji wa kizazi. Na si upasuaji wenyewe hasa, bali zile siku zinazoutangulia: siku za kupimwa damu, kupigwa picha ya tumbo, kurudishwa nyumbani na kuambiwa njoo tena. Siku hizo ndizo zinazowaponza dada zetu, na chama hakijazipigania.

Katika shamba moja la chai magharibi mwa Uganda yuko ndugu yetu mchuma chai, mama wa watoto wanne. Hedhi yake ilikuwa ikichukua siku kumi na zaidi, na damu nyingi. Alivumilia miaka miwili. Mwisho akaenda hospitali ya serikali mjini, akaambiwa ana uvimbe katika kizazi, ule unaoitwa fibroidi, ambao si saratani lakini unaweza kumwaga damu ya mtu hadi akaishiwa nguvu. Daktari akamweleza kwamba kwa hali yake na umri wake inafaa kizazi kitolewe. Akakubali, akapewa orodha ya vipimo.

Vipimo hivyo vilimchukua siku nne, maana picha ilipigwa mahali pengine na damu ikapimwa mahali pengine, na majibu ya siku ya kwanza yalitoka siku ya tatu. Alipoyarudisha akaambiwa damu yake ni gramu 7, haifai kupasuliwa, akapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kupunguza hedhi. Akarudi baada ya mwezi: damu imepanda kidogo tu. Akarudi tena baada ya miezi miwili, sasa damu inatosha, akapangiwa siku. Siku hiyo alitoka kambini saa kumi alfajiri, na kwa kuwa safari ni ndefu alikunywa chai ya maziwa na kula muhogo. Mwenye kutoa dawa ya usingizi alipomwuliza kama amekula, akasema kweli. Akarudishwa nyumbani.

Kwa kuhesabu safari zote, siku za vipimo zilikuwa tisa. Nyapara aliandika zote tisa kuwa utoro. Mchuma chai hulipwa kwa kilo, kwa hiyo siku tisa hakupata kitu, na juu yake akapewa barua ya onyo. Ndugu huyu akaacha kwenda hospitali. Miezi minne baadaye alibebwa usiku kwa machela, damu zikimtoka, akaongezwa damu chupa kadhaa na kupasuliwa kwa haraka. Alipona, twamshukuru Mungu.

Wapo waliosema kosa ni la nyapara. Nyapara alikosa, ndiyo. Lakini sisi wa chama tulikuwa wapi? Kamati ya tawi lile ilikuwa ya wanaume saba. Mama yule alipotuletea barua ya onyo tulimwuliza alikuwa wapi siku zile tisa, akajibu "tumbo", nasi tukaandika "tumbo" tukaendelea na shauri la posho ya nyapara wa mizani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeomba kuziona karatasi zake za hospitali, nazo alikuwa nazo mfukoni.

Baadaye tuliuliza wauguzi vipimo vile ni vya nini, na twaona inafaa kila mwanachama ajue, mume na mke.

Damu hupimwa kwanza wingi wake. Mwanamke asiye na mimba aliye na chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa ana upungufu. Kwa upasuaji usio wa dharura madaktari hutaka damu iwe imepanda vya kutosha, kwa kuwa katika kutoa kizazi damu nyingine itapotea. Hupimwa pia kundi la damu, ili iwepo damu inayolingana ikihitajika. Picha ya tumbo huonyesha uvimbe ni mkubwa kiasi gani na umekaa wapi. Mkojo hupimwa, na mimba pia, hata kama mwenyewe anaapa hana. Sukari, presha na figo hutazamwa kwa ajili ya dawa ya usingizi. Halafu mlango wa kizazi hukaguliwa. Kipimo hiki wengi hukikimbia kwa aibu, nacho ni kikubwa: kama kuna saratani pale, upasuaji unaofaa si ule wa uvimbe wa kawaida, na huenda matibabu yakawa mengine kabisa. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Uganda. Mama mwenye umri mkubwa kidogo anayetokwa na damu ovyo huchukuliwa pia kipande kidogo cha ndani ya kizazi kikapimwe. Basi mtu asidhani anazungushwa bure. Anayekwenda kisuni bila vipimo hivi anakwenda gizani, na daktari wake pia.

Juu ya kula, sababu yake ni hii. Mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi na tumboni mna chakula, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, naye akafa. Kawaida chakula na maziwa huachwa saa sita kabla, na maji matupu saa mbili kabla, isipokuwa hospitali imesema vingine. Chai ya maziwa ni chakula. Mwenye kutoa dawa ya usingizi aliyemrudisha ndugu yetu alifanya haki. Lakini hakuna aliyemweleza mapema, na karatasi aliyopewa ilikuwa kwa Kiingereza. Aulizwe pia dawa anazotumia, na hapa miti shamba isifichwe, wala vidonge vya maumivu, kwani vingine huzuia damu kuganda.

Sasa tuje kwenye damu yenyewe, maana hapo ndipo shamba linapoingia.

Kwa nini damu ya mchuma chai ni gramu 7? Uvimbe ni sababu, lakini si peke yake. Minyoo ya safura huingia kwa nyayo zinapokanyaga udongo wenye uchafu, hukaa matumboni na kunyonya damu kila siku. Shambani ambako vyoo ni vichache na gambuti ni za wenye bahati, safura haikosekani. Malaria nayo hula damu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Tunapodai gambuti, tajiri hufikiri twadai pambo. Gambuti ni damu.

Na iko chai. Sisi tunaoichuma ndio tunaoinywa kutwa, ya rangi, maana kambini chai ndiyo maji yetu. Muuguzi alituambia chai huyazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ndugu yetu alikuwa akimeza vidonge vyake kwa chai, mwezi mzima, na ndiyo maana kipimo cha pili kilipanda kidogo tu. Vidonge vya damu vimezwe kwa maji, mbali na chai kwa saa moja au mbili, na mwenye limau au pera alile, lina msaada. Neno dogo kama hili lingemwokolea safari moja.

Damu ya kuongezwa katika hospitali za Uganda haiuzwi. Huchangwa na watu na kupimwa na idara ya serikali ya damu salama. Atakayekuomba fedha kwa chupa ya damu mwandike jina lake. Lakini damu isiyochangwa haipo, hilo nalo tukubali. Tawi lenye wanachama mia tatu likiwaalika wenye kukusanya damu, kadhaa wetu watapatikana wa kutoa. Tumejaribu mara moja. Wanaume wenye vifua vikubwa walijificha nyuma ya kiwanda.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ya Uganda inasema mfanyakazi aliyetumika mwezi mmoja mfululizo au zaidi, akishindwa kazi kwa ugonjwa, alipwe mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza asipokuwapo. Mwezi wa pili ukiisha naye bado mgonjwa, mwajiri anaweza kuvunja mkataba kwa kufuata masharti yake. Mgonjwa naye apeleke habari mapema, na akitakiwa alete karatasi ya daktari. Wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi wana sheria zao, waziulize kwa vyama vyao.

Matajiri hushika neno moja humo: kushindwa kazi. Husema aliyekwenda kupimwa kwa miguu yake hakushindwa kazi, kwa hiyo siku hiyo ni yake mwenyewe. Sisi hatukubali. Hakuna hospitali itakayompasua mtu bila vipimo. Kama siku ya kisu ni siku ya ugonjwa, na siku ya kutolewa damu ya kupimwa ni ya ugonjwa ule ule. Na wako wanaotufunga mdomo kwa kusema wanachama hudanganya, huaga hospitali wakaenda sokoni. Ni kweli wako, nasi twawajua. Dawa yake ni muhuri wa hospitali juu ya kadi, si kuwaadhibu wagonjwa wote kwa ajili ya waongo wawili.

Tena iko hesabu nyingine. Aliyefunguliwa tumbo kutolewa kizazi huambiwa asibebe mzigo mzito kwa wiki sita hivi. Mwezi wa mshahara kamili ni wiki nne. Wiki mbili zilizobaki ale nini? Wengi wetu twajua jibu, tumewaona wakirudi shambani wiki ya nne na kikapu mgongoni, wameshika tumbo kwa mkono mmoja. Kwa vibarua ni mbaya zaidi, kwani hukatwa na kuandikwa upya ili waonekane wapya, ingawa Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinakataza kumweka mtu kibarua zaidi ya miezi minne.

Kabla hatujafika kwenye madai, neno kwa waume. Karatasi ya idhini ni ya mwanamke mwenyewe kuitia sahihi au dole gumba akiwa mtu mzima mwenye akili zake. Mume asaidie kwa nauli na kwa watoto. Na mama kabla hajatia dole aulize: mnatoa uvimbe tu au kizazi chote? Vifuko vya mayai vinabaki? Kizazi kikitoka hatazaa tena wala hataona hedhi, hilo alijue mapema. Mengine yasemwayo kambini, kwamba mwanamke hugeuka mwanamume au hapati tena nguvu ya kazi, ni maneno ya kilabuni.

Mkataba wa pamoja wa shamba lile unakwisha mwaka huu, na tumekwisha kuandika tutakayoyapeleka mezani. Siku ya vipimo yenye muhuri wa hospitali ilipwe, kwa wastani wa kilo za mchumaji mwenyewe, nje ya ule mwezi wa ugonjwa. Aliyepasuliwa tumbo apewe kazi nyepesi hadi wiki sita zitimie, kitaluni au kwenye kuchambua majani. Gambuti zitolewe kwa wote, vibarua wakiwamo. Zahanati ya shamba ipime wingi wa damu ya wachumaji na kutoa dawa ya minyoo kwa utaratibu, si mpaka mtu aanguke.

Kamati ya tawi sasa ina akina mama watatu. Mmoja wao ni ndugu yetu yule. Barua yake ya onyo bado imo katika faili la meneja, nasi tumedai itolewe. Mwenye karatasi za hospitali alizoandikiwa utoro, hata kama ni za mwaka jana, ampelekee yeye kabla ya mwisho wa mwezi. Hatamwuliza "tumbo" gani mbele za watu.