Oktoba 12 ni ya nani?

Juzi kijiweni jamaa mmoja kabwata kwamba Oktoba 12 ni siku ya Franco, basi. Mshikaji mwingine, mpenzi wa country, akang'aka: "Na John Denver umemweka wapi?" Ikawa ligi, kahawa zikapoa.

Wote wako sahihi. Franco Luambo Makiadi alikata roho Ubelgiji Oktoba 12, 1989, akiwa na miaka 51, na Zaire ikatangaza siku nne za maombolezo. Tarehe ileile 1997, Denver alikuwa peke yake kwenye kindege chake, pwani ya California. Koki ya kubadili tangi la mafuta ilikuwa nyuma ya bega lake. Wachunguzi walisema alipokuwa anahangaika nayo kindege kikamponyoka, kikatumbukia baharini. Koki tu, jamani!

Mimi nikibanwa nichague, nipo na Franco, na wala si kwa gitaa lake. OK Jazz aliianzisha na wenzake 1956, hata miaka 18 hajatimiza, akabaki nayo mpaka kifo. Lakini kilichonimaliza ni 1987. Wakati watu wanaona soo hata kuutaja ukimwi, mzee mzima alishika maikrofoni akatoa wimbo mrefu kuwaonya vijana, walimu, wakubwa, wote. Mbele ya mashabiki waliozoea kwenda kwake kustarehe!

Na Pavarotti naye kazaliwa Oktoba 12, 1935. Huyo sikumtaja kijiweni, ligi ingeanza upya.