Tafsida Si Kimya: Dawa za Skizofrenia na Heshima ya Mwanamume



Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Darasani methali hii hufundishwa kama onyo la jumla kwa mtu anayeficha shida yake badala ya kutafuta msaada. Lipo, hata hivyo, jambo moja ambalo methali hii inalieleza neno kwa neno, bila haja ya kuifasiri. Ni hali ya mwanamume anayetibiwa skizofrenia, ambaye dawa imemrudishia utulivu wa akili lakini imempunguzia nguvu za kiume, naye hana wa kumwambia. Ninashikilia kwamba kimya hicho huharibu tiba, hubomoa ndoa na humnyima raia haki yake. Ninashikilia pia kwamba anayepaswa kuanza kukivunja ni mhudumu wa afya, si mgonjwa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Skizofrenia ni maradhi ya akili yanayomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, aamini mambo yasiyokuwapo, na mara nyingine ajitenge na watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mamilioni ya watu duniani wanaishi nayo. Kwa wanaume, aghalabu huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, yaani umri ule ule ambao mtu hutafuta mchumba, hutoa mahari na kuanza kujenga nyumba. Dawa zake zimekuwapo tangu miaka ya 1950. Klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, na haloperidoli iligunduliwa nchini Ubelgiji mwaka 1958. Baadaye zikaja risperidoni, olanzapini, aripiprazoli na nyinginezo. Dawa hizi zimewafungua watu wengi kamba na minyororo, zikawarudisha shambani, sokoni na ofisini. Sizibezi hata kidogo.

Hata hivyo, zina madhara ya pembeni, na baadhi yake hugusa unyumba. Sababu yake inaeleweka. Katika ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini, ambayo hupeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine. Dawa za skizofrenia huzuia sehemu ya ujumbe huo, na hivyo sauti hupungua na hofu hutulia. Lakini dopamini hiyo hiyo ina kazi nyingine: huidhibiti tezi ndogo iliyo chini ya ubongo isitoe homoni ya prolaktini kupita kiasi. Kizuizi kikilegea, prolaktini hupanda. Hii ndiyo homoni inayomwezesha mama kutoa maziwa. Ikizidi mwilini mwa mwanamume, hushusha homoni ya kiume ya testosteroni. Hamu ya tendo la ndoa hufifia, uume hushindwa kusimama, na mara nyingine matiti huvimba. Zaidi ya hayo, baadhi ya dawa huathiri mishipa ya damu na neva zinazohusika na tendo lenyewe, na nyingine huleta usingizi mzito au unene. Dawa hazilingani katika jambo hili. Risperidoni hupandisha prolaktini sana, ilhali aripiprazoli kwa kawaida haiipandishi. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa maana inaonyesha kwamba shida hii ina njia za kutatuliwa.

Kwa jirani zetu wa Tanzania, wahudumu wa afya hutumia msemo “maudhi madogo madogo” kwa madhara ya pembeni, hasa wanapozungumzia uzazi wa mpango. Ni msemo mpole, lakini haufai hapa. Tuchukue mfano wa kubuni wa fundi seremala mwenye umri wa miaka 28, aliyeoa mwaka uliopita. Amepata nafuu na amerudi kazini. Usiku, hata hivyo, mwili haumtii. Mkewe anadhani ana mwanamke mwingine. Mama yake anauliza mjukuu atakuja lini. Yeye mwenyewe anadhani amerogwa, au kwamba ugonjwa umemla hadi kwenye mizizi ya uanaume wake. Kisha siku moja anasahau vidonge, wiki inapita, na anahisi nguvu zinarejea. Anakata shauri kuviacha kabisa. Miezi michache baadaye zile sauti zinarudi, naye anapelekwa hospitalini akiwa amefungwa kamba. Majirani watasema ni mkaidi, hataki dawa. Hakuna atakayejua kwamba alikuwa akijaribu kuiokoa ndoa yake.

Wapo wanaodai kwamba mgonjwa akielezwa madhara haya ataikataa dawa tangu mwanzo. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, lakini inasahau jambo moja: mwili wenyewe utamwambia. Aliyeelezwa mapema atajua kwamba badiliko hilo huenda limetokana na dawa na kwamba daktari anaweza kusaidia. Asiyeelezwa atatafuta maelezo kwa mganga, kwa wenzake kilabuni, au kwa muuzaji wa vidonge vya barabarani. Wengine husema mwenye ugonjwa wa akili hana uwezo wa kuelewa mambo haya. Hilo pia si sahihi. Mtu aliyetulia kwa dawa huweza kufikiri, kuamua na kupenda. Kama asingeweza, asingeumia kwa kukosa unyumba.

Hapa ndipo elimu ya uraia inapoingia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 31, inatambua haki ya mwanamume na mwanamke waliotimiza miaka 18 kuoana na kuanzisha familia. Ibara ya 35 inasema kwamba watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa na kutunziwa utu wao. Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2009 unampa mgonjwa haki ya kuelezwa kuhusu matibabu yake na haki ya siri zake kutunzwa. Mwaka 2008 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaotaja waziwazi afya ya kijinsia na uzazi. Kwa hiyo, mgonjwa anayeuliza kuhusu unyumba wake haombi anasa. Anadai kilichoandikwa.

Nini basi kifanyike? Mhudumu amuulize kila mwanamume, faraghani: “Tangu uanze dawa hii, umeona badiliko lolote katika unyumba?” Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti. Jibu likiwa ni ndiyo, achunguze kwanza, kwa kuwa ugonjwa wenyewe, huzuni, kisukari, pombe na tumbaku vyaweza kuleta hali hiyo hiyo. Kisha daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza dawa nyingine. Najua kwamba zahanati za vijijini hazina dawa za kuchagua. Lakini hata pale ambapo dawa ni moja tu, mazungumzo huondoa shaka ya uchawi na ya usaliti, na hilo pekee laweza kuinusuru ndoa.

Mgonjwa naye ana tahadhari tatu za kushika. Asiache dawa ghafla bila kumwona daktari. Asinunue vidonge vya kuongeza nguvu za kiume mitaani, kwani vikichanganywa na baadhi ya dawa za moyo vyaweza kuua. Na uume ukisimama kwa zaidi ya saa 4 bila kulegea, jambo ambalo hutokea kwa nadra, aende hospitalini mara moja. Hiyo ni dharura.

Nanyi, wanafunzi wangu, mwaweza kuuliza: haya yote yanahusiana vipi na somo la Kiswahili? Yanahusiana sana. Katika fasihi tunajifunza tafsida, yaani matumizi ya maneno ya staha mahali pa maneno makali. Unyumba, tendo la ndoa, nguvu za kiume: maneno haya yaliundwa na watu waliojua kwamba mambo ya mwili hayana budi kusemwa, wakatafuta namna ya kuyasema mbele ya mkwe, mzee na tabibu bila kumvunjia mtu heshima. Tafsida ni daraja la kuyafikia mazungumzo, na anayeitumia kama ukuta wa kuyazuia hajaielewa. Wengi wenu mtakuwa wauguzi, madaktari, viongozi wa dini, wazazi. Siku moja mbele yenu atakaa mwanamume anayetazama sakafu, na mkono wake umeshika kikaratasi cha dawa. Msimngojee aanze yeye. Maneno ya kumuuliza mnayo tayari.