Nyaya za aluminiamu: mwulize nyumba ilijengwa lini

Iwapo una mwana au ndugu aliyehamia Marekani na sasa anataka kununua nyumba kuukuu, mwulize swali moja: ilijengwa mwaka gani? Kati ya 1965 na 1973, bei ya shaba ilipopanda, nyumba nyingi huko zilitiwa nyaya za stima za aluminiamu.

Hatari hasa iko pale nyaya zinapounganishwa, nyuma ya soketi na swichi. Aluminiamu ikipata joto hutanuka kuliko shaba, ikipoa hunywea, na mwishowe skrubu hulegea. Tena hewa huivika utando mwembamba unaozuia stima kupita. Hapo joto huzidi, na moto waweza kuanzia ndani ya ukuta watu wakiwa wamelala.

Dalili ni kifuniko cha swichi kuwa moto, taa kupepesa bila sababu, au harufu ya plastiki inayoungua. Akiona moja, azime swichi kuu na kumwita fundi mwenye leseni.

Asikubali shaba na aluminiamu zisokotwe pamoja na kufungwa kwa utepe. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani inapendekeza njia tatu: kutia nyaya mpya za shaba nyumba nzima, kubana kila kiungio kwa kifaa cha COPALUM, au kutumia viunganishi vya AlumiConn vilivyokazwa barabara.

Na asirekebishe soketi moja akaacha nyingine. Kiungio kimoja kilichosahauliwa chatosha kuiteketeza nyumba.