Linux ni bure kweli? Hesabu ya mtu wa Lukafu

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni Microsoft haitoi tena marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku ile. Zinawaka bado, zinaandika barua bado, zinatoa bado matokeo ya wanafunzi. Ila kila tundu jipya ambalo wezi wa intaneti wanagundua linabaki wazi, isipokuwa kwa mwenye kujiandikisha kwa muda mfupi wa nyongeza. Na Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani, zile za okazio ambazo mashule na biro ndogo ndogo zinatumia.

Ndipo mafundi wanajibu: weka Linux, ni bure. Wanasema kweli, lakini nusu. Mkaaji wa Lukafu akilishika neno lile jinsi lilivyo, anaweza kujikuta amelipa mara mbili: mara moja kwa kampuni ya simu, mara ingine kwa mjanja mmoja wa mjini.

Kwanza, neno lenyewe. Kiingereza kiko na neno moja kwa mambo mawili: kitu kisicho na bei, na mtu asiyefungwa. Kifaransa kinatenganisha, kinasema gratuit na libre. Kiswahili vilevile: bure na huru. Mmarekani Richard Stallman, aliyetangaza kazi ya mfumo wa GNU mwaka 1983, alikuwa anatafuta uhuru. Bei haikuwa shida yake. Yeye mwenyewe aliuza programu yake ya Emacs kwenye tepu, dola 150 kila moja, na mnunuzi alikuwa na ruhusa ya kuinakili na kuwapa wenzake. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki kule Finland, alipotoa Linux mwaka 1991, alikataza kwanza watu wasiiuze. Mwaka 1992 akaondoa katazo lile, akaiweka chini ya lisansi ya GNU, ile inaitwa GPL. Lisansi hiyo inaruhusu mtu kuomba makuta kwa kazi ya kunakili na kusafirisha.

Kwa hiyo muuzaji wa flashi yenye Linux si mwizi. Anauza flashi, anauza mega zake na saa zake. Kitu asichoweza kuuza ni ruhusa, juu ruhusa tayari unayo. Hawezi pia kukukataza kuinakili kesho kwa ndugu yako.

Sasa hesabu. Faili ya Ubuntu ya kompyuta ya kawaida ni karibu giga 6. Linux Mint inakaribia giga 3. Debian iko na faili ndogo, chini ya giga 1, lakini ile ni mlango tu: wakati wa kuiweka inavuta vitu vingine vyote kwenye mtandao. Kila mtu anajua bei ya giga anayonunua kwa Vodacom, Airtel ama Orange. Azidishe mara sita, njo apate bei ya ile «bure». Na kama rezo inakatika katikati, mara nyingi mtu anaanza tena mwanzo, na mega zilizokwisha kwenda hazirudi. Ongeza umeme: penye SNEL haifiki, ni paneli ya jua ama moteri, na moteri inakunywa esanse wakati faili inashuka polepole. Makuta yote hayo hayaendi kwa wenye Linux. Yanabaki njiani.

Wenye Linux wanalijua jambo hili tangu zamani. Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini aliyeanzisha Ubuntu mwaka 2004, alijua kwamba intaneti ya Afrika ni ghali. Kampuni yake Canonical ikawa inatuma sidi kwa posta, bila malipo hata ya posta, kwa kila aliyeomba. Kazi ile ilisimama mwaka 2011. Kule Afrika Kusini kulikuwa pia vibanda vilivyoitwa Freedom Toaster: mtu anakuja na sidi tupu, mashine inamwandikia programu huru, anarudi kwake bila kugusa intaneti. Sidi imekufa, lakini akili ile ingali nzuri. Mahali ambapo mtandao ni ghali, ni afazali faili ipande gari.

Hapa njo tofauti kubwa inapoonekana. Kopi ya kwanza ya Linux kufika Lukafu iko na gharama, tena kubwa. Kopi ya pili haina. Flashi moja ikishuka Lubumbashi, ikajazwa penye rezo nzuri, ikarudi, inaweza kuingia katika mashine ya shule, ya parokia, ya mwenye kupiga fotokopi sokoni, na hakuna sheria inayovunjwa. Kwa Windows ni kinyume: hata kama kopi ya kwanza ililipiwa vizuri, kuiweka kwa jirani bila lisansi nyingine ni kosa. Na zile Windows za kuvunjwa zinazopita mkono kwa mkono zinabeba mara nyingi virusi ndani. Watu wanaziita bure, lakini faili za kazi zikipotea hakuna wa kudai.

Kuna pia Linux ya kulipia. Red Hat, ambayo IBM iliinunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34, inauza huduma kwa mabenki na makampuni makubwa: simu ikilia usiku, mtu anajibu. Mwaka 2023 ilibana hata njia ya kuona kodi zake, sasa ni kwa wateja zaidi. Watu wengi walikasirika, lakini GPL inasema anayepewa programu ndiye apewe kodi. Haisemi dunia nzima. Mtu wa Lukafu hahitaji ile. Basi fundi akiandika «lisansi ya Ubuntu» kwenye fakture ya mashine ya shule, aulizwe analipisha nini hasa. Akiandika kazi ya kuweka, saa mbili, na kufundisha sekretari, hapo alipwe bila kelele. Kufundisha kunachukua muda kuliko kuweka, na printa fulani zinasumbua kweli.

Marekebisho nayo yanakula mega, kila mwezi. Hilo halina dawa kamili. Njia moja ni kupeleka kompyuta mjini mara kwa mara, kama ni ya kubebeka.

Kwa safari yenyewe, Debian inatengeneza faili kubwa zinazojitosheleza, ambazo zinawekwa bila intaneti hata kidogo. Ile ya kwanza inaingia katika flashi ya giga 8. Mwenye kutumwa ahakikishe, kabla ya kuacha Lubumbashi, namba ndefu ya uhakiki iliyoandikwa pembeni ya faili kwenye ukurasa wa Debian. Kama namba ya faili yake haifanani na ile, faili imeharibika ama imeguswa. Aishushe tena palepale, na ajaribu kuwasha kompyuta moja nayo kabla ya kupanda gari.