Kipya Kinyemi, Ingawa Kidonda

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii twaitumia mara nyingi kwa mzaha, lakini wakimbiaji wa Mbulu na Hanang wana haki ya kuitumia bila kucheka hata kidogo, kwani wao wameiona ikitimia katika nyayo zao. Nazungumzia raba za mbio. Nazungumzia desturi ya watengenezaji kuichukua raba iliyokwisha kupendwa, kuibadilisha umbo, soli na uzito, kisha kuirudisha sokoni kwa jina lile lile na kumwambia mkimbiaji kwamba amefanyiwa hisani. Naye mkimbiaji akinung'unika, huambiwa kwamba anaogopa maendeleo. Katika ugomvi huu mimi niko upande wa wanaonung'unika, na katika kurasa hizi chache nitaeleza kwa nini.

Msomaji asiyekimbia anaweza kudhani kwamba raba ni raba. Sivyo. Raba ina mambo ambayo mguu huyajua kabla ya macho: upana wa mahali pa vidole, kimo cha kisigino kikilinganishwa na kimo cha mbele, ulaini wa sponji iliyomo ndani ya soli, ugumu wa soli inapokunjwa, na jinsi kisigino kinavyoshikwa. Badilisha moja tu kati ya hayo kwa milimita chache, na kano ya kisigino italazimika kufanya kazi ambayo haikuizoea; vivyo hivyo kigimbi, vivyo hivyo goti. Kwa mtu anayetembea kwenda dukani, hayo si kitu. Kwa mtu anayekanyaga chini maelfu ya mara kila asubuhi, ni jambo zito.

Sasa tazama mwenendo wa biashara. Makampuni makubwa yamezoea kutoa toleo jipya la raba zake mashuhuri karibu kila mwaka. Pegasus ya Nike ilianza kuuzwa mwaka 1983, na toleo la 41 likatoka mwaka 2024. Gel-Kayano ya Asics ilianza mwaka 1993, na kufikia mwaka 2023 ilikuwa toleo la 30. Je, mguu wa binadamu umebadilika mara ngapi katika muda huo? Hata mara moja. Baadhi ya matoleo hayo yalikuwa bora kweli kuliko yaliyotangulia, sikatai. Lakini hakuna aniambiaye kwamba kila mwaka, kwa miaka thelathini au arobaini mfululizo, hekima mpya juu ya mguu iligunduliwa kwa wakati ule ule ambapo bidhaa mpya ilihitajika dukani. Kinachobadilika kila mwaka ni hesabu za mauzo.

Malalamiko haya si ya Mbulu peke yake. Wakimbiaji wa Ulaya na Marekani nao huyasema: raba imebana vidoleni, imekuwa laini mno, imeongezeka uzito, si ile niliyoipenda. Lakini wao wana dawa. Wakisikia kwamba toleo wanalolipenda linaondolewa, hununua jozi tatu au nne za zamani, tena kwa bei iliyopunguzwa, na kuziweka kabatini. Mkimbiaji wa Dongobesh au wa Basotu atanunua jozi nne kwa fedha gani, na atazitoa duka gani?

Hebu tupige hesabu kidogo. Mkimbiaji wa mbio ndefu anayejiandaa kwa dhati anaweza kukimbia kilometa 160 kwa wiki. Raba hushauriwa iachwe baada ya kilometa 500 hadi 800. Tukichukua hizo 800, jozi moja ni ya wiki tano. Kwa mwaka ni jozi kumi. Nani katika vijiji vyetu ana jozi kumi? Kijana wetu hupata jozi moja, na huipata kwa njia tatu: mnadani, katika mitumba, kwa mkimbiaji mwenzake aliyerudi kutoka mashindano ya ng'ambo, au kwa zawadi ya mfadhili. Ataivaa mpaka soli iwe kama karatasi. Ikiisha, ataanza kuitafuta nyingine kama hiyo, na hapo ndipo jina linapomdanganya.

Namfahamu kijana mmoja wa upande wa Haydom aliyekimbia misimu miwili na raba aliyoipata kwa bahati, akaipenda kama mtu apendavyo ng'ombe wake wa maziwa. Ilipokwisha, ndugu zake walichanga fedha, wakaagiza jozi mpya kutoka mjini, jina lile lile, isipokuwa namba ya toleo iliyoongezeka. Ndani ya mwezi mmoja kucha mbili zilikuwa nyeusi na kano ya kisigino imevimba. Mashindano aliyokuwa akiyasubiri yalipita yeye akiwa amekaa nyumbani. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu kwa maneno machache: "Mwalimu, jina ni lile, ila kiatu si kile." Sijasikia hoja iliyo wazi zaidi ya hiyo. Mchango wa ukoo mzima ulinunua jina.

Wapo watakaosimama hapa na kunipinga kwa sayansi. Watasema: mzee, raba za siku hizi zina sponji nyepesi yenye kurudisha nguvu na bamba jembamba la nyuzi za kaboni, zimepimwa, na faida yake inajulikana. Ni kweli zimepimwa. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder na kutangazwa mwaka 2017, ukidhaminiwa na Nike wenyewe, ulionyesha kwamba raba yao mpya iliwapunguzia wakimbiaji matumizi ya nguvu kwa asilimia 4. Lakini tusome vizuri. Waliopimwa walikuwa wanaume 18, wakikimbia juu ya mashine. Asilimia 4 ni wastani. Kuna aliyepata chini ya asilimia 2, na kuna aliyepita asilimia 6.

Kisha, mwaka 2023, ukatangazwa utafiti mwingine uliotugusa kwa karibu zaidi, kwa sababu miongoni mwa waliopimwa walikuwamo Wakenya saba, wakimbiaji wa kiwango cha dunia. Wakivaa viatu vya aina hii mpya, ikilinganishwa na kiatu cha soli nyembamba, kulikuwa na aliyepata nafuu ya takriban asilimia 11, na kulikuwa na aliyepata hasara ya takriban asilimia 11. Fikiri juu ya hayo, ndugu msomaji. Watu wa daraja moja la mbio, viatu vya aina moja, huyu anabebwa na yule anabebeshwa. Basi mkimbiaji anaposema, "Hiki kipya hakinifai," hasemi kwa ushamba. Anatoa taarifa kuhusu mguu wake, na mguu huo yeye ndiye aliye nao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tena upimaji huo ulifanyika juu ya mashine iliyo laini na tambarare. Sehemu kubwa ya njia wanazofanyia mazoezi vijana wetu ni vumbi, changarawe na mawe. Masika ni tope. Soli ndefu na laini iliyobuniwa kwa lami huyumba juu ya jiwe. Mbunifu hakukosea kwa upande wake, alibuni kwa ajili ya barabara anayoijua. Kosa linaanza pale raba imara, ambayo ilivumilia mawe ya kwetu, inapofutwa ili kuipisha hii.

Kundi la pili la wapinzani wangu ni wale wanaopenda kutukumbusha mashujaa. Husema: Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, alitwaa dhahabu ya maratoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, na dhahabu ya mita 10,000 huko Brisbane mwaka 1982, alikuwa na bamba la kaboni? John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza maratoni ya Mexico City mwaka 1968 goti likiwa limeumia na kufungwa bendeji, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Alimlaumu fundi viatu? Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda Roma mwaka 1960 bila viatu kabisa. Kwa hiyo, wanasema, acheni kulalamika, kimbieni.

Hoja hii ni tamu masikioni lakini haina mifupa. Kwanza, kuhusu Bikila, husimuliwa kwamba alikimbia peku kwa sababu viatu vipya alivyopewa kule Roma havikumkaa vizuri. Yaani shujaa huyo wanayemtaja ni shahidi wangu mimi, si wao! Kati ya kiatu kipya kisichomfaa na ngozi ya unyayo wake aliyoizoea, alichagua alichokizoea, akashinda. Miaka minne baadaye, huko Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena. Pili, uvumilivu wa Akhwari ni heshima ya taifa zima, lakini uvumilivu si ruhusa ya kuwaumiza vijana kwa makusudi ili nasi tupate wa kuwasifu.

Wala nisieleweke vibaya. Sisemi vijana wetu wakimbie na viatu vya babu zao wakati wenzao wamevaa vya leo. Gabriel Geay alikimbia maratoni ya Valencia mwaka 2022 kwa saa 2 na dakika 3 kamili, akawa wa pili. Alphonce Simbu wa Singida alitwaa ubingwa wa dunia mjini Tokyo Septemba 2025, akimshinda Mjerumani kwa sehemu ndogo sana ya sekunde baada ya kilometa 42. Kwa tofauti kama hiyo, nani atathubutu kusema kiatu hakina maana? Ni kwa sababu kina maana ndipo nasema asichaguliwe mtu kiatu na mauzo ya mwaka.

Na hapa nataka kugusa sheria. Januari 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia liliweka mipaka: soli ya mbio za barabarani isizidi milimita 40, bamba gumu lisizidi moja, na kiatu kiwe kimekuwa sokoni kwa miezi minne kabla ya kutumika mashindanoni. Nia ilikuwa njema: asiwepo anayekimbia na kiatu ambacho mwenzake hawezi kukinunua. Lakini sokoni ni wapi? Septemba 2023 Adidas walitoa raba ya dola 500, nyepesi kiasi cha gramu 138, iliyokusudiwa mbio moja tu ya maratoni. Tigst Assefa wa Ethiopia aliivaa Berlin mwezi huo huo akaweka rekodi ya dunia ya wanawake, saa 2, dakika 11 na sekunde 53. Dola 500 ni zaidi ya shilingi milioni moja. Wafugaji wa Hanang watakadiria wenyewe hiyo ni ng'ombe wangapi, kwa mbio moja. Kitu hicho kilikuwa sokoni, hapana shaka. Mnada wa Katesh haukukiona.

Linganisha na katambuga. Fundi wa viatu vya matairi humwambia mteja aweke mguu juu ya mpira, anachora, anakata. Mguu wa kushoto ukiwa mpana kuliko wa kulia, kiatu cha kushoto kitakuwa kipana. Miaka ishirini baadaye ukirudi kwake, utapata kile kile. Hata yeye amekutana na mabadiliko yasiyoomba ruhusa, kwani matairi ya siku hizi yana nyaya za chuma ndani, magumu kukata na hatari kwa unyayo. Amefanya nini? Hutafuta tairi la nyuzi, au hukata sehemu ya ubavu. Amebadilisha malighafi ili mguu usibadilishiwe kiatu. Watengenezaji wakubwa hubadilisha kiatu, kisha huuambia mguu ujirekebishe.

Ninachodai si kikubwa. Kwanza, kilicho kipya kipewe jina kipya. Mkibuni raba tofauti, iiteni tofauti, ili mtu wa Haydom anayeagiza kwa simu, bila kuijaribu, ajue anachonunua. Pili, raba iliyothibitika isiuawe. Nike waliwahi kuiondoa Pegasus sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2000 wakairudisha; basi kurudisha kunawezekana. Tatu, wafadhili na viongozi wa vilabu wanaoleta viatu kwa magunia waanze kwa kuuliza: mguu gani, njia gani, raba gani uliyoizoea? Zawadi isiyouliza huweza kuwa mzigo.

Na kwa vijana wenyewe nasema: msione haya kunung'unika. Mtaitwa wachukia maendeleo, na wanaowaita hivyo wengi wao hawakimbii. Raba mpya ijaribiwe polepole, kilometa chache chache, wiki nyingi kabla ya mashindano, na ikiuma ivuliwe bila kujali imeandikwa nini ubavuni. Mwenye kiatu ndiye ajuaye kinambana wapi, na tangu lini ushahidi wa aliyebanwa ukawa hauna thamani kuliko tangazo la anayeuza?